Huduma ni za Watoto

Daktari alimwambia Shangazi kwamba ana usonji, na kwamba alizaliwa nao. Shangazi alishona vifungo vya sare kiwandani mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo wenzake walimwita Bi Kiburi kwa kuwa hakuwatazama machoni wala hakula nao.

"Kwa hiyo nilipigwa bure," Shangazi akamwambia.

Daktari alimpa pole. Binti wa kaka yake, aliyembembeleza mpaka akakubali kuja, aliuliza wanaanza lini kumsaidia.

"Huduma zetu ni za watoto," alisema daktari. "Kwa umri wa mama, kwa kweli hatuna kitu. Na mbona amemudu mpaka leo?"

"Nani kakwambia amemudu?"

Daktari alikwisha kumwita mgonjwa mwingine.

Nje, kwenye benchi la korido, alikuwa ameketi msichana mdogo wa sare ya shule, miguu imevimba kwa fimbo, vidole ndani ya masikio kwa sababu ya mvumo wa taa. Shangazi alimtambua kwa kovu la kidevuni, maana na lake lilikuwa palepale. Akaketi kando yake bila kumgusa. Alijua hapendi kuguswa.

"Shangazi, si wewe huyu?" aliuliza binti wa kaka.

"Ni mimi. Mwalimu alitaka nimtazame usoni."

Karani wa mapokezi aliuliza umri wa mtoto. Aliambiwa saba. Akasema huyo anapokelewa, ila mlezi asubiri koridoni.

Basi kila wiki Shangazi akawa anamleta. Msichana aliingia kwenye chumba chenye mwanga hafifu, akaelezwa taratibu kwa nini kelele zinamuumiza. Shangazi alibaki chini ya ile taa, televisheni ikimpigia kelele kichwani, mpaka meno yakamuuma.

"Wamesema si kiburi," msichana alimwambia alipotoka.

"Nini?"

"Kutotazama watu. Na kelele zikizidi niombe kutoka. Hakuna atakayenipiga."

"Waulize walikuwa wapi."

Wiki iliyofuata msichana aliuliza. Wakampa puto.

Habari zilienea. Dereva mstaafu alikuja na mvulana aliyekuwa akifungiwa stoo wageni wakifika kwao. Mvulana huyo alikuwa ni yeye. Mwalimu mkuu mstaafu alijileta mwenyewe, msichana mdogo aliyemshika pindo la sketi. Kliniki ilifurahia ongezeko la watoto, ikapanua chumba chao, ikatandika zulia. Nafasi ilipopungua waliondoa mabenchi ya korido. Wazee wakawa wanasimama.

"Walau zimeni hiyo televisheni," alisema binti wa kaka.

"Tutaliangalia hilo," alijibu karani, akiitazama televisheni.

Siku moja daktari mwenyewe alitoka. Shangazi alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba, viganja masikioni. Daktari alisubiri mpaka akavishusha.

"Mtoto anaendelea vizuri sana," alimwambia. "Hongera, mama. Umemleta mapema. Wengi wanaletwa wamechelewa."