Ushuhuda wa Judica

Judica wa Nambis alianza kuumwa vidole mwaka mmoja baada ya kuolewa, msimu wa kuchambua vitunguu saumu vya kupanda. Kazi ile aliijua tangu utoto: unakikamata kitunguu, unakikandamiza kwa gumba, punje zinaachana. Asubuhi moja gumba likakataa. Alitazama mikono yake akaona vifundo vimevimba, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Jua lilipopanda vililegea kidogo, akafanya kazi. Kesho yake vikakaza tena. Mama mkwe alisema ni baridi yabisi, matokeo ya kufua kisimani alfajiri wakati mwili bado una joto la kitanda. Judica akapakwa mafuta ya kondoo, akanyweshwa mizizi, akaombewa. Ugonjwa ukashuka magotini, ukafika kwenye nyayo, hadi ikawa Evarist, mumewe, ndiye anayemfunga vifungo vya gauni kabla ya kwenda shambani.

Evarist hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku alipomkuta mkewe ameketi kando ya ndoo ya maziwa iliyomwagika, alikwenda kuazima pikipiki ya jirani akampeleka hospitali mjini Mbulu. Huko ndiko ugonjwa ulikopewa jina, na Judica akapewa vidonge vya kumeza kila Jumatatu. Tena akaelekezwa kwenye kikundi cha wagonjwa wa viungo kilichokutana kila mwezi katika ukumbi wa parokia.

Nesi Irene ndiye aliyewafundisha. Aliwaambia kwamba kinga ya mwili ni kama mbwa wa nyumbani, na kwamba kwao wao mbwa huyo amegeuka na kuwauma wenye nyumba. Vidonge havimuui, vinamfunga kamba tu, na ukikata kamba anarudi. Mama Natalia wa Tumati, ambaye vidole vyake vilikuwa vimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, aliwaonyesha namna ya kunenepesha mpini wa jembe kwa mpira wa baiskeli ili kiganja kisijikunje sana. Alikuwapo pia Gidahosh, mfugaji kutoka tambarare za Hanang, aliyekuja kwa basi na fimbo yake na kuketi karibu na mlango. Huyo alisema mara moja tu, kwamba zamani alimjua kila ng'ombe wake kwa mwendo, na sasa vijana wakiondoka na kundi yeye hubaki nyumbani na ndama. Hakuna aliyemwambia ajipe moyo. Kwa Judica, hilo ndilo lililomfanya arudi mwezi uliofuata.

Jirani yake kwenye benchi alikuwa Juliana, mjane wa Tlawi, mwanamke wa umri wa mama yake. Vidonge vilimsumbua sana huyu mama. Akivimeza Jumatatu, Jumanne nzima hakutaka hata kunusa ugali. Alivimeza hivyo hivyo kwa sababu Natalia hakumwacha apumue, na kwa sababu magoti yake yalikuwa yanampeleka kanisani tena. Alimpenda Judica. Alimletea maharage mabichi, akamuuliza habari za nyumbani, na habari aliyoingojea, ya mimba, Judica aliijua.

Vidonge vilimfaa Judica. Baada ya miezi kadhaa alikamua tena, akapika tena. Ndipo siku moja nesi Irene akafundisha kwamba mwanamke anayetumia vidonge vile hapaswi kushika mimba, maana vinamharibu mtoto tumboni. Anayetaka mtoto aseme kwanza, daktari wa viungo atambadilishia dawa, halafu angoje. Daktari huyo alitoka mbali na alikuja mara chache. Judica aliyasikia yote, ila alirudi nyumbani na nusu ya kwanza tu.

Nyumbani hakuna aliyemsukuma kwa maneno makali. Mdogo wake Evarist alikuwa na watoto wawili wakati huo, na Evarist alizoea kumbeba yule mdogo mabegani jioni akitoka shamba. Akimwona Judica anatazama, alimshusha. Ni kushushwa kule kulikomkata Judica maini, kuliko kama angetukanwa.

Baada ya mavuno akaacha vidonge. Hakumwambia mtu. Hospitali aliendelea kuvipokea, akavitupa chooni. Msimu wa baridi ulimkuta hivyo, ukungu umelala mashambani hadi karibu mchana, naye anatambaa kutoka kitandani hadi jikoni akiuma upindo wa kanga ili mama mkwe asimsikie. Kikundini alisema hajambo. Nesi alipomshika mkono kumsalimu, aliurudisha haraka.

Baridi ilipoisha, alikuwa na mimba. Na mimba ilivyokua, maumivu yakaanza kuondoka, kwanza nyayoni, halafu magotini, hadi asubuhi moja akakunja ngumi bila kufikiri na kubaki anaitazama. Alilima mwenyewe mvua zilipoanza. Mama mkwe alitoa sadaka ya shukrani. Evarist aliimba akichunga, jambo ambalo Judica hakuwahi kulisikia.

Mwezi ule kikundi kilipokutana, nesi Irene alikuwa ameitwa wodini. Judica alisimama mbele ya watu, akanyoosha vidole vyake, akavikunja, akavinyoosha tena. Akawaambia ameacha vidonge tangu mavuno, kwamba Mungu amempa mtoto na uzima pamoja. Wengine walikuwa wanatazama mikono yao wenyewe.

"Mimba huulaza ugonjwa, mwanangu," alisema Natalia. "Haiuui. Mimi nililala nao hivyo kwa watoto watatu, na kila mmoja alipotoka, uliamka na njaa."

Gidahosh aliinua kichwa pale mlangoni akamuuliza Judica kama nesi anajua. Judica alikaa chini, akisema moyoni kwamba Natalia anamwonea wivu, na kwamba aliyezoea kupinda hapendi kuona aliyenyooka.

Walipotoka, Juliana alimvuta kiwiko hadi nyuma ya ukumbi. Alikuwa na uso wa Jumanne, wa kijivu, midomo imekauka.

"Niambie kweli, mwanangu. Umeacha kabisa?"

"Nimeacha kabisa, mama."

"Na hukuumia?"

Judica aliikumbuka kanga yenye alama za meno. Aliukumbuka ukungu na sakafu ya jikoni. Lakini muda mfupi tu alikuwa amesimama mbele ya watu na vidole vimenyooka, na hakutaka kuirudisha sakafu ile.

"Kidogo tu," alisema.

Juliana alimshukuru, akamwekea mkono tumboni, akaenda zake.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, wakamwita Rogathe. Hakuwa hata amejua kucheka ugonjwa ulipoamka. Ulirudi wote kwa pamoja, viganja, viwiko, mabega, hadi taya. Judica hakuweza kukamua nepi. Alinyonyesha akiwa amelala kwa ubavu, mama mkwe akimsogezea mtoto, na mama mkwe alipokwenda kisimani mtoto alilia mpaka arudi. Kule kuimba kwa Evarist kukakoma.

Alipompeleka tena hospitali, nesi Irene hakumgombeza. Judica aliona afadhali angegombezwa. Alipewa dawa nyingine isiyomdhuru anayenyonya, akaambiwa itachukua muda, na kwamba kifundo cha mkono wa kulia hakitarudi kama zamani. Aliposimama kuondoka akauliza habari za wenzake. Nesi akasema Juliana hakuonekana tangu kabla ya Kwaresma. Natalia alikwenda kumtazama, akamkuta ameacha dawa, na magoti yamejikunja yakashika hivyo hivyo. Walimshauri arudi hospitali, amekataa kubebwa.

Judica alimwomba Evarist ampeleke Tlawi. Evarist alimfunga mtoto mgongoni kwa mkewe, akaendesha pikipiki ya jirani polepole kwa sababu ya makorongo ya mvua.

Walimkuta Juliana ndani, kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na mlango ili apate mwanga. Alikuwa amepungua sana. Magoti yake yaliinua blanketi, na Judica akaelewa kwamba hayashuki tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Mlete nimwone."

Evarist alimfungua mtoto aliyelala, akamlaza kitandani ubavuni mwa Juliana, kisha akatoka kwenda dukani kutafuta petroli. Mkwe wa Juliana, aliyekuwa akimtunza, alikuwa shamba la mbali. Judica aliketi kwenye kigoda, akasema yote bila kupanga. Kwamba siku ile alidanganya. Kwamba aliumia kupita siku zote za maisha yake, akatambaa, na kwamba alijua wakati anasema.

Juliana alimsikiliza huku anamtazama mtoto.

"Nilitaka kusikia kidogo tu," alisema. "Ungesema uliumia sana, labda ningekwenda kumtafuta mwingine wa kuniambia kidogo tu. Nilikuwa nimechoka na zile Jumanne."

Judica alianza kupumua.

"Lakini sikumtafuta mwingine," Juliana akaendelea, sauti ile ile. "Wewe ndiye uliyeniambia."

Judica alimwomba arudi hospitali, akamwambia Evarist atatafuta gari, nesi atampokea. Juliana akajibu kwamba atafikiri, kwa namna ya mtu anayemaliza mazungumzo. Kisha akauliza habari za vitunguu saumu, kama vimekubali mwaka huu, na Judica akamjibu.

Mtoto akaamka, akalia. Judica aliinuka kwa kujishikilia ukuta, akainama juu ya kitanda, akapitisha mikono chini ya mgongo wa mwanawe. Kifundo cha kulia hakikushika uzito. Alijaribu tena, na maumivu yakampanda hadi begani, akamwachia mtoto kabla hajamwinua, kwa kuogopa kumwangusha. Juliana alijaribu kumsogeza kwa upande wake. Vidole vyake viligusa kanga tu. Akamwita mkwe kwa sauti iliyobaki. Hakuna aliyeitika.

Wakabaki hivyo wanawake wawili, mmoja amelala na mmoja ameinama, wakimbembeleza kwa maneno ya kwao, maneno ambayo huambiwa mtoto akiwa amepakatwa. Rogathe alilia mpaka akawa mwekundu, mpaka sauti ikakwaruza. Kisha akachoka, akalala mwenyewe na machozi usoni.

Evarist aliporudi alichungulia mlangoni, akaona kimya.

"Kumbe hajaamka," alisema taratibu, akifurahi.

Juliana aligeuzia uso ukutani. Judica alisema ndiyo, akamwomba amfungie mtoto mgongoni, waondoke kabla ya mvua.