Mfuko Usiolia

Mambo yaliharibika Alhamisi, asubuhi ile walipoleta kisanduku na kukitundika kwenye kitanda cha jirani.

Mpaka Jumatano wanawake wawili wa mwisho wa wodi walikuwa sawa. Wote wametoka kupasuliwa tumbo, wote wamewekwa mpira wa mkojo, na chini ya kila kitanda unaning'inia mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia. Sista akipita anainama, anasoma, anaandika. Akiinama huku, anainama na kule. Mume wa mgonjwa wa kitanda cha ukutani, mpaka rangi kwa kazi yake, hakuwa na la kulalamika, na kwa kulalamika yeye hajambo.

Alhamisi akaja ofisa ugavi wa hospitali, tai shingoni, na fundi nyuma yake. Kisanduku chenyewe cheupe, kina kioo cha namba. Mkojo unapita humo, kinapima chenyewe, kinaweka hesabu chenyewe, na ukipungua kinalia. Kimekuja kimoja tu, cha kujaribia. Kikaenda kitanda cha dirishani, kwa bibi mmoja mnene, mcheshi, ambaye kwa bahati hizi za dunia ndiye aliyemzaa ofisa ugavi.

"Hii ni kwa manufaa ya wagonjwa wote," ofisa alisema.

"Wote akina nani?" mpaka rangi akauliza. "Mimi naona wagonjwa wawili na kisanduku kimoja."

"Mzee wangu, lazima tuanze na mmoja."

"Mbona kuanza kila siku kunaanzia kwenu?"

Mkewe akamvuta shati. Ofisa alipoondoka, akacheka huku ameshika mshono. "Baba watoto, sasa wivu umefika mpaka kwenye mkojo?"

"Umefika."

"Basi nenda ukakojoe humo, roho itulie."

Haikutulia. Alikaa kwenye ndoo yake ya rangi aliyoigeuza kiti, akikitazama kile kisanduku kama mtu anayemtazama mwanamume mwingine akipiga soga na mkewe. Namba zake zinang'aa kijani. Mfuko wa mkewe umefifia, mistari yake imefutika nusu. Hata bibi wa dirishani akigeuka usingizini, namba zinacheza, na wapita njia wote wanasimama kuziangalia. Mkojo wa mtu mmoja umekuwa sinema. Wa mwenzake ni mkojo tu.

Ijumaa mfagizi alikigonga kwa ufagio, kikaanza: ti-ti-ti-ti. Sista akaja mbio, na daktari nyuma yake, koti linapepea. Mpaka rangi hakuwahi kuona mtu akikimbia katika hospitali ile isipokuwa mwenye deni la kantini.

"Hakuna kitu, kimetikiswa tu," sista akasema, akiwaangalia ndugu wa wagonjwa waliosimama kwa hofu. "Msiogope. Mkiona kimya, mjue salama. Kikilia, tunakuja."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa peke yake, wodi mbili, miguu imevimba ndani ya viatu. Lakini tangu neno lile, hakuna aliyeinama tena kule mwisho. Pembe yote ile ikawa na mlinzi mmoja, na mlinzi mwenyewe alikuwa na kitanda chake.

Jumamosi mpaka rangi alipitia wodini asubuhi kabla ya kibarua, akarudi jioni nywele zimejaa chokaa. Mkewe hakumtania. Midomo ilikuwa imekauka, vifundo vya miguu vimejaa. Akainama mwenyewe chini ya kitanda. Mkojo ulikuwa kidogo tu, wa rangi ya chai iliyosahaulika jikoni, palepale alipouacha asubuhi.

Akaenda mezani. "Sista, mfuko wa mama haujaongezeka tangu nilipotoka."

Sista alikuwa anafungua dripu, hakuinua kichwa. "Kimelia?"

"Nini?"

"Mashine."

"Sisi hatuna mashine."

"Basi nakuja, mzee."

Akangoja. Akarudi tena. Sista alikuwa wodi ya pili, akamjibu toka mlangoni, "Si nimesema nakuja? Au unadhani nimekaa?"

Mpaka rangi akarudi kwenye ndoo yake. Mkewe alikuwa amefumba macho. Kisanduku kilikuwa kinang'aa kijani, kimeshiba, hakina habari na mtu. Akainuka, akakishika kwa mikono miwili.

Bibi wa dirishani akafungua jicho. "Unaniibia, baba?"

"Naazima kelele tu, mama."

"Azima. Mimi kimenichosha. Nikigeuka kidogo, kinanisema."

Akakitoa kwenye ndoano. Ti-ti-ti-ti! Sista akaja mbio. Daktari akaja. Ofisa ugavi, aliyekuwa ndio anaingia na kikapu cha chakula, akakimbia mpaka mchuzi ukamwagika. Wote wakajazana dirishani.

"Huyo mzima," mpaka rangi akasema. Kisanduku bado kilikuwa mikononi mwake, kinalia. "Ni huku."

Daktari akainama, akauinua mfuko, akautazama kwenye mwanga. Akabonyeza mguu wa mgonjwa, na kidole kikaacha shimo.

"Mara ya mwisho nani aliuangalia huu?"

Sista akaenda mbio kuita wahudumu.

Wakaleta kitanda cha magurudumu. Neno lililosikika lilikuwa figo, na jingine lilikuwa haraka. Mkewe alipopitishwa mbele yake, alifumbua macho, akakiona kisanduku.

"Wewe," akasema taratibu, "rudisha kitu cha watu mahali pake."

Huko walikompeleka hakurudi.

Matanga hayajaisha, mpaka rangi akaitwa hospitali. Alidhani ni pole. Ilikuwa shtaka la kuchezea kifaa. Ofisini alikaa metroni, mkuu wa wauguzi, pembeni yake ofisa ugavi.

"Mama anasema ni yeye aliyekipiga teke," ofisa akasema, bila kumtazama.

"Mama yako ana roho nzuri kukushinda. Nilikitoa mimi."

"Kwa nini hukumwita muuguzi?" metroni akauliza.

"Nilimwita. Akaniuliza kimelia."

"Mzee, pole kwa msiba. Lakini kuna utaratibu. Kifaa kile kipo ili kituambie. Kungekuwa na hatari, kingelia."

Mpaka rangi alikunja kofia yake yenye madoa. Ofisa ugavi aligeukia ukuta, akawa kama anausoma. Rangi ile aliipaka mpaka rangi mwenyewe, mwaka ule walipokuwa wanamsubiri mgeni mkubwa.

"Kingelia cha mama yake," akasema. "Mfuko wa mke wangu, metroni, ule wa plastiki, hauna waya, hauna kioo. Wenyewe mlitaka ulie vipi?"