Mkono wa Pili

"Asidi, dirishani. Amini, ukutani," mwalimu wa kemia aliwaambia wanafunzi, akiwagawia vikaratasi kama anayegawa pipi. Nailoni huundwa na molekuli za aina hizo mbili, na kila molekuli ina mikono miwili. Kila asidi ikapata vikaratasi viwili vya OH, kimoja kila mkono. Kila amini, viwili vya H. Sheria ilikuwa moja: mkono uliojaa haushikwi. Ukitaka kushikana na jirani, nyote mnaachia, vikaratasi vinaanguka pamoja, na hayo ndiyo maji. Mikono iliyobaki imeshikana ndiyo polima, mnyororo wa molekuli.

Wakaungana, asidi, amini, asidi, huku maji ya karatasi yakitapakaa sakafuni. Walicheka mpaka mnyororo ulipofika mlangoni, kwa binti aliyechelewa. Akawa amini, akashikana na jirani kwa mkono mmoja; wa pili ulikuwa umembeba mtoto wake. Shangazi yake aliyekuwa akimlea mtoto huyo alipata kibarua, na nyumbani hakubaki mtu.

Kwa mazoea, mwalimu akauliza swali lake la miaka yote: je, mnyororo unaweza kuendelea hapo?

"Hauwezi," darasa likajibu. "Ana mkono mmoja tu, na umeshashikwa."

Lilikuwa jibu sahihi, na mwalimu alijichukia kwa kuuliza. Jana mkuu wa shule alikuwa amewatangazia walimu kwamba mtoto akionekana tena darasani, mama yake aondoke naye moja kwa moja, na mwalimu atakayewaficha atafute pengine pa kufundisha. Habari za ofisi ya walimu hazina mlango. Binti alikwisha kuzisikia. Akauachia mkono wa jirani yake, akaanza kukusanya madaftari.

"Unaenda wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, mwalimu. Nisiwaharibie."

"Nipe huyo mtoto."

"Mkuu atakuja."

"Na aje. Nipe."

Mwalimu akambeba mtoto ubavuni, akambandika binti kikaratasi cha H kwenye kiganja kilichobaki wazi, akamrudisha kwenye mnyororo. Hasira ilikuwa imempanda, tena tamu, hasira ya mtu aliyechoka kuitikia "ndiyo mkuu".

Mkuu akaja kweli, rundo la funguo mkononi. Akasimama mlangoni, akimtazama mtoto aliyekuwa akiivuta chaki ya mwalimu.

"Mwalimu, jana nilisema nini?"

"Nilikusikia vizuri, mkuu. Ila somo halijaisha. Huyu ni amini, tunamtafutia asidi."

"Imefika," mtu akanong'ona nyuma. Darasa likauma midomo.

"Karibu uungane nasi," mwalimu akaendelea, bila kutabasamu. "Lakini hizo funguo utaziweka chini. Hapa hatushikani na mtu aliyejaza mikono."

 Binti akamtazama mkuu usoni, mara ya kwanza tangu arudi shuleni, kisha akamnyooshea mkono wake wa pili, kikaratasi kikining'inia kiganjani.  Hakuurudisha.