Nyasi za Chini ya Kibendera

Mwaka ule wa ukame, sabini na nne, Ezekia ndiye aliyetunza nyasi za kiwanja cha gofu cha Lusinga, mali ya wakubwa wa shamba la chai huko juu Iringa. Alikuwa mtu wa huruma na woga, na siku hiyo vyote viwili vilimponza.

Adhuhuri alitokea Nkuba, mfugaji wa Kisukuma, akiswaga ng'ombe thelathini waliobaki mbavu. Alikuwa ametembea siku tano kutoka Madibira. Nyuma yake alikuja mkewe, Ng'washi, amebeba mtoto.

"Kamwene," Ezekia alisalimu.

"Ndugu, nisaidie. Ni huyu ng'ombe mweupe tu ana maziwa, na yenyewe inakatika. Mke wangu amekauka kabisa. Ng'ombe hii ikianguka, Roza wangu atakunywa nini?"

Ezekia alimtazama mtoto, macho makubwa kuliko uso. Wenye kiwanja walikuwa Mbeya hadi kesho yake.

"Ingieni. Ila hapa pana masharti. Mgeni haingii bila mwenyeji. Leo mwenyeji wako ni mimi. Makubazi ya tairi, vua. Kelele hapana. Ng'ombe wale pembezoni tu. Pale penye kibendera, palipokatwa kipara, hata kwato moja isiguse."

"Kwa nini?"

"Ndiyo masharti."

Sababu aliijua fika. Juzi yake alikuwa amepanyunyizia dawa ya kuvu, ile ya debe lenye picha ya fuvu. Lakini tangu kibarua mmoja augue, meneja alikuwa ameapa kumfukuza yeyote atakayeitaja. Ezekia akaumeza ulimi wake, akaenda nyumbani kula.

Alimega ugali. Kila tonge alimwona yule mweupe akinyoosha shingo. Saa tisa alinawa, akarudi mbiombio.

Ng'ombe walikuwa pembezoni, wametulia kwa adabu. Akashusha pumzi. Kisha akamwona mweupe, peke yake, chini ya kibendera, akitafuna.

"Nkuba! Nilikwambia nini?"

Nkuba alikuja akicheka, peku, makubazi mkononi. "Usikasirike, ndugu. Ungesema tu ni ngitili! Kwetu pia tunafunga majani mazuri, tunayatunzia kiangazi, haingii mtu. Lakini mgonjwa na mwenye kunyonyesha hakatazwi. Ngitili ni ya hao. Wengine nimewazuia, si unaona?"

Ezekia alimdaka mkono. "Amekula tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipotupa kisogo. Na maziwa yameshuka, nimekamua kibuyu kizima, ndugu! Mungu akubariki."

Ezekia alimwacha amesimama, akakimbia kukatiza shimo la mchanga la wacheza gofu kumwendea Ng'washi, aliyeketi kwenye kivuli cha mkaratusi na Roza mapajani. Sasa meneja na amfukuze, na amfunge akitaka.

"Mama, usimpe! Zina sumu! Nyasi zina sumu!"

Ng'washi, ambaye Kiswahili kilikuwa bado kinampiga chenga, alimwona tu mwenyeji wao akija mbio, jasho linamtoka. Akadhani amekuja kumuulizia mtoto. Akatabasamu, akainua kibuyu na kukipindua chini juu, aone mwenyewe kwamba hakikubaki hata tone.

Roza alikuwa amelala.