Visanduku Visivyoitika

Tangu wamzike dada yake, Fundi alikuwa akiwahi kufika ofisini kila asubuhi ili kile kiti cha karibu na dirisha akikute hakijatundikwa makoti.

Kilikuwa kiti cha Dada. Kazi yake ilikuwa kukagua fomu za tovuti walizotengeneza. Macho hakuwa nayo, lakini kompyuta ilimsomea kila kilichomo kwa kasi aliyoizoea yeye peke yake, maneno yakiruka kama bisi kwenye sufuria. Vidole vyake vilishuka kisanduku baada ya kisanduku, na kila kilipojitaja na kupokea tiki, alisema, "Kimeitika." Kisipoitika, aligonga meza. "Rudisha, mdogo wangu. Ninachokiita kikanyamaza, kwangu hakipo."

Fomu haikutoka bila neno lake. Ndivyo ofisi ilivyozoea.

Sasa ilikuwepo fomu ya hospitali. Mgonjwa aijaze nyumbani, kisha atie tiki kwenye msaada atakaouhitaji siku ya miadi: kushikwa mkono kutoka getini, kiti cha magurudumu, mkalimani wa lugha ya alama. Mchoraji alikuwa amevichora visanduku kwa mkono wake, kona laini, tiki ya kijani inayochanua ukiigusa. Vilipendeza, hilo halikuwa na ubishi.

Fundi aliiwasha kompyuta ya Dada, akaipunguza kasi, akafumba macho.

"Jina. Simu. Tarehe. Tuma."

Akarudia. Baina ya tarehe na tuma hapakuwa na kitu.

"Umechora picha," alimwambia Mchoraji. "Sauti inazipita kama ukuta. Tuweke visanduku vyenyewe, kila kimoja tukifunge na maneno yake, halafu wewe uvipake rangi uitakayo."

"Vile vya kawaida? Vina sura ya dirisha la jela, kaka."

"Dada angevirudisha."

"Najua." Mchoraji hakuwa mtu mbaya, sauti yake ilishuka. "Lakini ile programu mpya ya ukaguzi imetoa kijani kitupu. Haikuona kosa hata moja."

"Inakagua vilivyomo. Kisanduku hakimo, italalamikia nini?"

Bosi alitoka chumbani kwake na kikombe mkononi. "Hospitali wameshaipitisha, Fundi. Wameupenda mchoro. Inatoka leo."

"Nipe mpaka jioni, mkuu."

"Msiba tumeubeba pamoja, bwana. Lakini huu si ukaguzi tena. Umeanua tanga nyumbani, ukalitandika ofisini."

Mfagiaji aliisogeza ndoo yake polepole, kama mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.

Fundi aliviandika upya visanduku hivyo hivyo, chakula cha mchana hakukigusa. Alipojaribu, sauti ilisema, "Kushikwa mkono. Kisanduku. Hakina tiki." Akabonyeza. "Kina tiki." Alingoja mtu aseme kimeitika. Kisha akampelekea Bosi.

Bosi alitazama kwenye simu yake, akakunja uso. "Tiki haichanui. Hilo tutaliangalia kwenye toleo lijalo."

Fomu ikatoka ilivyochorwa. Wakanunuliwa soda.

Wiki iliyofuata, mhudumu wa mapokezi alimpitishia Fundi simu. Aliyepiga alikuwa mzee, anahema.

"Mwanangu, fomu yenu ya hospitali nimeijaza. Pa kuombea mtu wa kunishika mkono sipasikii. Nimesimama getini juani mpaka miadi ikanipita. Pako wapi?"

"Chini ya tarehe, mzee."

"Nimepita hapo. Hamna."

"Pako hapo. Ila hapasomeki kwa sauti."

"Sasa mimi nitafanyaje?"

Fundi alimtazama Bosi kupitia kioo cha mlango. Bosi alikuwa akimwonyesha mteja mwingine zile tiki, na mteja alizigusagusa akitabasamu.

"Sijui, mzee."

"Zamani palikuwa na mama mmoja hapo kwenu. Ukimlalamikia leo, kesho unakuta pamenyooka. Hebu nipe yeye."

Kwenye kiti cha dirishani palikuwa na makoti, na juu ya makoti, mwavuli wa mtu. Fundi alifungua mdomo. Neno lenyewe, amefariki, alikuwa amelitamka kwa ndugu, kwa majirani, kwa wachimba kaburi. Hapa halikutoka.

"Haya, usihangaike," mzee alisema. "Kama ana kazi, nitamngoja kwenye simu."

Akangoja. Fundi hakukata. Alishika simu sikioni, akizisikiliza pumzi za mtu aliyeita bila kujua kwamba hapana wa kumwitikia.