Magunia Sita ya Korosho

Gitau alisoma namba iliyopakwa rangi kwenye mlango wa pikapu: kilo 1150. Akatabasamu. Kampuni moja ilimwahidi kazi ya kubeba korosho kutoka Jilore hadi Malindi, magunia kumi kwa safari, kila gunia kilo themanini.

"Inatosha na kubaki," alisema.

Muhidin, mwenye gari aliyekuwa akiliuza, alicheka. "Ndugu yangu wa bara, huo ni uzito wa gari lenyewe likiwa tupu." Akafungua boneti na kupangusa kibati kwa kitambaa. "Soma hapa. Gari na vyote vilivyomo lisizidi kilo 2050."

"Basi mzigo ni kilo mia tisa."

"Na wewe dereva huna uzito?"

Gitau alijitoa kilo zake sabini. Zilibaki 830. Korosho zingeingia zote, na kilo thelathini zingebaki. Lakini hakufurahi.

Alikuwa amelima Jilore miaka mitatu, na majirani bado walimwita mgeni. Walimsalimu kwa heshima, wakapita. Jioni alikula peke yake, redio ikizungumza. Na Jilore mwenye gari hubeba watu. Anayewapita njiani husemwa mwaka mzima. Kilo thelathini hazikumtosha hata mtu mmoja.

"Nikitaka kuchukua abiria?"

"Punguza korosho. Springi hazina huruma, bwana."

Gitau alinunua gari, kisha akaenda kuiambia kampuni kwamba angebeba magunia sita. Karani alimtazama kama aliyepungukiwa akili. "Utapata nusu ya faida," alisema, lakini akaandika sita.

Safari ya kwanza, watu watano walipunga mikono njiani. Gitau alisimama akawachukua wote.

"Kaa hapa mbele, mama," alimwambia wa kwanza.

"Ahsante, nyuma kuna mazungumzo."

Wote walipanda juu ya magunia. Gitau aliendesha akisikia vicheko vyao kupitia kidirisha cha nyuma, kwa Kigiriama ambacho alikishika neno moja moja. Kiti cha kando yake kilikuwa kitupu. Alijiuliza kama yale magunia manne aliyaacha bure.

Karibu na Kakuyuni paa liligongwa. Alisimama. Bibi mmoja aliyeitwa Harusi alishuka polepole, akaingia mbele na kufunga mlango kwa kishindo.

"Huko upepo utaniua," alisema. "Haya, mwanangu, wewe hasa unaitwa nani?"

"Gitau," alisema, na akaendesha taratibu kuliko barabara ilivyotaka.