Pumzi za Aikande

Ulimwona Aikande soko la Mbuyuni, Jumamosi, akitaja bei ya parachichi kwa vidole. Ulimjua. Miaka yote umesimama ibadani ukingoja aanze yeye ndipo nawe upate pa kuingilia. Ukainama, ukajifanya unachagua nyanya za jirani yake mpaka akageukia mteja mwingine. Usiseme hukuona. Uliona, ukaogopa kuuliza.

Saa ile sauti yake ilikuwa inatumika mahali pengine.

Ilianzia Shirimatunda, kwenye studio ya Ndelilio, chumba kimoja chenye trei za mayai ukutani na godoro lililosimamishwa mlangoni. Kwa miaka kumi na saba kwaya za mlimani zilishuka pale na sare zao kwenye mifuko. Ndelilio hakusomea kazi ile. Alijifunza kwa kufungua redio za watu, na nyingine zilirudi kwa wenyewe zikiwa nzima. Alijua nani asogezwe mbele ya maikrofoni na nani apelekwe nyuma bila kuumizwa moyo. Alijua Aikande, mwimbaji wa sauti ya kwanza wa kwaya ya Mbokomu, huvuta pumzi kabla ya neno la mwisho na si baada yake.

Kisha akili mnemba ikafika. Walimu wa kwaya wakaanza kutuma maneno ya wimbo kwa simu, na kabla chai haijapoa wanarudishiwa wimbo mzima, waimbaji sitini na kinanda juu. Mmoja alipita studio kumuaga, bila ubaya wowote.

"Ndelilio, siyo kwamba hufai," alisema. "Shida yako unataka tufanye mazoezi."

Ndipo akaja Denis, wa kampuni moja ya muziki ya Dar. Alitaka rekodi zote za zamani, kila sauti ikiwa peke yake, na jina la mwenyewe.

"Mashine inasikiliza tu, braza. Kusikiliza ni kosa?"

Ndelilio akampa. Zilikuwa nyimbo za Injili, na huku kwetu mtu akikuomba wimbo wa Injili asikilize, unampa na nakala ya ziada ampelekee mama yake. Kwaya haikuulizwa.

Miezi minne baadaye Aikande alikuwa zizini anamwita ng'ombe. Kinywa kilifunguka, sauti haikutoka. Ilirudi baada ya dakika tatu na sekunde arobaini, imechoka kidogo. Kesho yake iliondoka dakika ishirini. Kufika Kwaresima ilikuwa inaondoka asubuhi na kurudi jioni, na watu wa nyumbani wakaizoea kama mgao wa umeme. Ilipokuwepo Aikande alisema haraka, mambo ya lazima kwanza: dawa ya ng'ombe, homa ya mtoto, nani kafiwa. Zahanati waliandika kwamba koo ni zima, sauti haipo, wakampa vitamini.

Wakati mwingine ilirudi na mabaki ya kazi ilikotoka. Siku moja aligeuka akamtangazia mbuzi magodoro, nusu kwa Kireno.

"Mwenzangu, huyo analala chini," Bernadetha wa jirani alimwambia kutoka upande wa pili wa ua. "Muuzie mwenye kitanda."

Ndelilio alipopata habari alimwomba ashuke studio. Alimweka mbele ya maikrofoni, akamwambia aimbe. Kwenye kompyuta ulionekana mstari mnyoofu. Kisha akamfungulia wimbo uliokuwa kwenye kila simu mwaka ule, ule unaoujua. Aikande aliusikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa sauti yake, na maneno asiyowahi kujifunza. Aliomba kalamu kwa ishara, akaandika nyuma ya karatasi ya risiti: *Mbona sipumui?*

"Mashine haina mapafu," Ndelilio alimjibu.

Baba mkwe wa Aikande, Mzee Ebenezeri, ndiye mwenyekiti wa kwaya. Akaitisha kikao. Sauti kumi na moja zilikuwa zinatoka na kurudi, na besi mmoja hakuwa amesikika tangu Pasaka. Barua ikaandikwa: sauti zirudishwe kwa wenyewe, kwamba zimechukuliwa na mashine si siri, maana mtu yeyote mwenye masikio anasikia wimbo ule haupumui. Wakili akapatikana mjini. Ukoo mzima ukasema safari hii hatutanyamaza.

Maana tulikwisha kunyamaza. Tuliiangalia kahawa ikishuka mlima huu kwa magunia, ikarudi imo ndani ya kopo, ikatuuliza tunataka kijiko kimoja au viwili. Tukang'oa mibuni, tukapanda nyanya. Koo la mtu hung'oi ukapanda nyanya.

Kampuni ilijibu ndani ya siku mbili. Iliishukuru kwaya kwa maoni mazuri kuhusu pumzi. Wasikilizaji wengi walikuwa wamelalamika kwamba wimbo unawatisha na hawajui kwa nini. Ndelilio akapewa kazi: kukata pumzi za waimbaji kwenye rekodi za zamani na kuzibandika kwenye nyimbo za mashine. Alikataa wiki mbili. Wiki ya tatu alikubali.

"Wakimpa mwingine atazibandika pasipo pake, dada Aikande," alimweleza, huku akiziangalia trei za mayai. Sauti ya Aikande ilikuwa kazini. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Siku tatu kabla ya kwenda kwa wakili, Denis alipanda Mbokomu kwa miguu, amevaa shati jeupe, ameshika isale. Ni lile jani refu la mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo. Aliyekosa akilifunga fundo na kukuletea kwa mkono wake, unasamehe. Hakuna aliyewahi kulikataa akabaki na watu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee Ebenezeri aliliangalia fundo. Lilikuwa sahihi. "Nani amekufundisha kulifunga hivi? Wewe si wa huku."

"Niliiuliza mashine watu wa huku wanaombwaje radhi. Ikanieleza yote, baba. Kwa sauti yako."

Mzee alikumbuka. Mwaka 2011, katikati ya beti mbili, aliwafafanulia vijana wa kwaya habari za isale, na Ndelilio hakuwa na desturi ya kusimamisha mtambo. Alikumbuka pia Jumanne iliyopita, alipokaa mbele ya bakuli la kiburu robo saa nzima akishindwa kuomba chumvi.

"Kwa hiyo unakiri mlikosa."

"Nakiri, baba."

"Na mtaacha?"

"Isale ni la yaliyopita, baba. Wewe mwenyewe ndivyo ulivyosema."

Ndivyo alivyosema. Ilikuwa kwenye rekodi. Mzee Ebenezeri akanyoosha mikono miwili, akalipokea. Aikande alikuwa amesimama kwenye kizingiti, kinywa wazi, na mtu fulani mahali fulani alikuwa anausikiliza wimbo kwa mara ya sita. Wakili aliambiwa asisumbuke.

Pumzi zilianza kuondoka mwezi uliofuata. Ndelilio ni fundi mzuri. Kila moja ameibandika mahali pake. Mwanzoni zilikuwa mbili tatu kwa siku, Aikande akasimama tu, akangoja, akaendelea kufagia. Wimbo ulivyozidi kupendwa alijifunza kukaa chini mapema. Nyumbani wanahesabu. Ya juzi ilifika sekunde arobaini na nne. Mzee Ebenezeri analo lile jani juu ya kabati, halijanyauka.

Leo Aikande alishuka Mabogini kukata majani ya ng'ombe. Sasa hivi anapanda, mzigo kichwani, na karibu na mfereji, hatua chache kutoka nyumbani, amekaa kwenye jiwe bila kuutua. Kifua kimetulia. Baba mkwe amesimama kando yake na saa mkononi. Bernadetha amemshika mzigo usimwangukie. Thelathini. Thelathini na moja.

Ni kwako wimbo unakopigwa. Usianze kusema ni mmoja tu, au kwamba uliukuta kwenye simu, au eti unaumalizia ubeti huu. Zima. Halafu toka nje, gonga mlango unaofuata, usiondoke pale mpaka nao wamezima.

Arobaini na tano.